Mkindu au salaki: upi upande kando ya Ziwa, Mwanza?

Mtu akisema anataka "mtende mdogo wa matunda" uani kwake, kwanza namuuliza matunda hayo ni ya nani. Kama anataka tunda la kuweka kwenye sahani mbele ya mgeni, mazungumzo yetu yatakwenda kwenye salaki, mtende mfupi wa misitu ya Java na Sumatra. Kama anataka mti utakaokaa bondeni, uvumilie maji na jua, uwape watoto cha kuchuma na wasukaji cha kusukia, hana haja ya kuagiza chochote ng'ambo. Anautaka mkindu, na mkindu ulikuwa kwenye mwambao huu kabla ya nyumba zetu.

Nailinganisha miti hii miwili kwa sababu wengi huchagua kwa picha ya tunda tu. Hawaangalii udongo wao, kivuli walichonacho, wala maji ya miezi ya kiangazi. Na karibu kila mtu husahau jinsia ya mche, jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloamua kama utakula matunda au utapamba ua tu.

Miti yenyewe

Mkindu, Phoenix reclinata kwa jina la kitaalamu, ni wa ukoo mmoja na mtende wa tende. Hauoti kwa shina moja. Huota kichaka kizima, mashina membamba mengi yakitoka pamoja chini na kuinamia nje. Ukiachwa miaka mingi mashina hayo hupita mita 10, lakini ukipunguzwa maotea na ukikatwa mashina ya zamani hubaki wa kiasi. Unapatikana sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia pwani hadi nyanda za juu. Kwetu utauona mabondeni, kando ya vijito vinavyoingia ziwani, na kwenye kingo zinazolowa masika. Anayetaka kuuona katika hali yake ya asili aende kisiwa cha Rubondo, ambacho ni hifadhi ya taifa tangu 1977. Huko mikindu imeota ukingoni mwa maji, msitu ukiwa nyuma yake.

Tunda la mkindu ni dogo, urefu wake sentimita 1.5 hadi 2. Hugeuka kutoka kijani kuwa manjano, kisha rangi ya chungwa, na likiiva sana huwa kahawia. Utamu wake unakumbusha tende, ila nyama yake ni utando tu juu ya kokwa. Mtoto atakula kiganja kizima huku akitema kokwa, afurahi. Mtu mzima aliyezoea tende za Ramadhani atauliza nyama iko wapi.

Salaki, Salacca zalacca, ni kitu kingine kabisa. Shina lake ni fupi kiasi kwamba makuti huonekana yakichomoza moja kwa moja ardhini, na kuti moja laweza kufika mita 6. Matunda yako chini, karibu na udongo, yamebanana kwenye vichala katikati ya vikonyo vyenye miiba. Kila tunda ni kama yai dogo lililochongoka upande mmoja, lina ganda jembamba la kahawia lenye magamba mfano wa ngozi ya nyoka. Ukiibana ile ncha, ganda hupasuka na kuchunika. Ndani mna vipande, kwa kawaida vitatu, vyeupe au vya rangi ya krimu. Ladha yake ni tamu yenye uchachu, na aina nyingine huacha ukakasi ulimini. Nyama ni kavu kidogo na hukatika kwa mlio. Mbegu ni ngumu na hailiwi.

Waindonesia wana aina nyingi. Salaki ya pondoh, inayolimwa sana Sleman kwenye miteremko ya mlima Merapi karibu na Yogyakarta, hupendwa kwa kuwa ni tamu hata kabla haijaiva kabisa. Bali nako, wilaya ya Karangasem, wana salaki zao walizozilima kwa vizazi chini ya miti mingine, na mwaka 2024 FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, iliutambua ukulima huo kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu duniani.

Kwa tunda la kula, basi, salaki inashinda, na sioni sababu ya kubishana. Ubishi unaanza tunapouliza kama itazaa hapa.

Maji, baridi na kivuli

Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mwanza hupata mvua ya kama milimita 1,000 kwa mwaka, vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba na masika kuanzia Machi hadi Mei. Juni, Julai na Agosti ni kavu, na usiku wa miezi hiyo joto laweza kushuka hadi nyuzi 16 au karibu na hapo.

Sasa weka hali hiyo mbele ya salaki. Kwao imezoea mvua ya milimita 1,700 hadi 3,100, tena isiyokatika kwa muda mrefu, na hustawi zaidi kwenye nchi za chini, mita 500 au pungufu. Mizizi yake haiendi kina. Udongo wa juu ukikauka, mmea mzima unajua siku hiyohiyo. Hii haina maana kwamba itakufa Mwanza. Ina maana kwamba utaibeba wewe miezi mitatu ya kiangazi kila mwaka kwa maji ya bomba, ya kisima au ya pampu, na kwamba itakua polepole kuliko maelezo ya vitabu vya Java yanavyoahidi. Kwa mtu ambaye maji ya bomba humfikia kwa mgao, huu ni mzigo wa kweli. Apige hesabu ya madumu kabla ya kupanda.

Salaki ni mmea wa chini ya miti. Ikiwa changa, jua la saa saba mchana huikausha ncha za makuti, na upepo mkavu hufanya hivyohivyo. Nyumba zilizo juu ya mawe Bugando au Capri Point zina mandhari nzuri, ila upepo wake haufai. Panapofaa ni chini ya mwembe mkubwa uliopunguzwa matawi, au katikati ya migomba, mahali ambapo maji ya kuogea na kuoshea vyombo yasiyo na sabuni nyingi huelekezwa.

Mkindu hauna deko hilo. Unapenda jua wazi. Kinachoupa uhai ni maji ya chini ya ardhi, na mizizi yake ikishayafikia, kiangazi kinakuwa habari ya majirani zake. Maji ya ziwa yalipopanda sana mwaka 2020, na tena 2024, watu wengi wa ufukweni walipoteza bustani. Mkindu uliokomaa huvumilia kusimama kwenye maji kwa muda. Salaki, pamoja na kupenda unyevu, huoza mizizi maji yakituama. Kwa hiyo kwenye ardhi ya chini inayofikiwa na ziwa, jibu ni moja tu.

Udongo nao useme. Wasukuma wameugawa udongo wao kwa majina tangu zamani, na mgawanyo huo unasaidia hapa kuliko kipimo chochote cha dukani. Kwenye luseni, ule mchanga mwepesi wa miteremkoni, maji hupita haraka. Salaki itaishi humo kwa samadi nyingi na matandazo mazito tu, na mkindu utachelewa kidogo hadi mizizi ishuke. Kwenye mbuga, udongo mweusi wa bondeni unaonata masika na kupasuka kiangazi, mkindu unafaa na salaki haifai. Itogolo, yenye tabaka gumu chini, ningeiacha kwa vyote viwili, isipokuwa uko tayari kulivunja tabaka lile kwa sururu.

Msomaji wa Bukoba abadili hesabu yote hii. Kule mvua hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na kibanja cha migomba tayari kina kivuli, unyevu na matandazo. Kama salaki ina nafasi ya haki popote upande wetu wa ziwa, ni pale.

Dume na jike

Mkindu una mti dume na mti jike. Salaki nyingi nazo ni hivyo, ingawa zile za Bali hubeba uwezo wote kwenye mmea mmoja. Dume halizai tunda. Jike lisilopata chavua nalo halikupi kitu cha maana. Na mche wa mbegu haukuonyeshi ni upi hadi utoe maua: salaki baada ya miaka kama mitatu au minne, mkindu baada ya muda mrefu zaidi.

Chukulia kila mbegu ina nafasi sawa ya kuwa dume au jike. Ukipanda miche miwili, nafasi ya kupata jinsia zote mbili ni nusu. Ukipanda mitatu, ni robo tatu. Mitano hukupeleka kwenye 15 kati ya 16. Ndiyo maana mche mmoja uliopandwa katikati ya bustani, ukazungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, ni pambo zuri lisilo na ahadi ya tunda.

Njia ya uhakika zaidi ni maotea. Mkindu hutoa machipukizi kwenye tako lake, na otea hubeba jinsia ya mama yake. Ukilitoa kwa uangalifu kwenye jike unalolijua, likiwa na mizizi yake mwenyewe, umekwisha kujua utapata nini. Wakulima wa Java hufanya vivyo hivyo kwa salaki ili wasipoteze miaka kwa madume. Shida ni kwamba hapa Mwanza huna jirani mwenye salaki jike wa kukukatia otea, kwa hiyo utaanza na mbegu, na utaanza na bahati.

Uchavushaji ndipo mkindu unapokuachia mikono yako. Upepo na wadudu hubeba chavua, na kama kuna mikindu mingine bondeni kwenu, jike lako huenda lisihitaji dume uani. Salaki kwao husaidiwa na wadudu wadogo wa jamii ya fukusi, lakini hata huko wakulima wengi hawawategemei. Hukata ua la dume lililofunguka na kulikung'utia juu ya ua la jike. Ua la jike hupokea chavua kwa siku chache tu, kwa hiyo anayesafiri mara kwa mara atalikosa. Baada ya hapo tunda huchukua miezi mitano hadi saba kuiva.

Miiba

Yote miwili inachoma, ila si kwa namna moja. Kwa mkindu, vijani vya chini vya kila kuti vimegeuka kuwa sindano ndefu ngumu. Mti ukiwa mdogo sindano hizo ziko usawa wa macho ya mtoto, na hilo ndilo linalonitisha zaidi ya yote kwenye ulinganisho huu. Mashina yakirefuka hatari hupanda juu pamoja na makuti. Salaki haipandishi hatari yake popote: miiba ya vikonyo, mingine ya sentimita 15, hubaki chini maisha yote, na matunda yako katikati yake. Kuvuna ni kwa glovu nene na kisu kirefu.

Wenye watoto wa kutambaa wasubiri, au wapande mbali na njia. Mwenye mbuzi wa jirani wasiosikia, kwa upande mwingine, atapata faida: mstari wa salaki ni ukuta, na Waindonesia huitumia kwa kazi hiyohiyo. Mkindu uupe nafasi ya mita nne kila upande, na usiusogeze karibu na karo wala msingi wa nyumba, kwa kuwa kichaka hupanuka.

Kingine utakachopata

Hapa mkindu unarudisha heshima yake yote. Makuti machanga ambayo hayajafunguka hukatwa, huanikwa, huchanwa kuwa ukindu, hutiwa rangi, husukwa ukili, na ukili hushonwa kuwa mkeka. Vikapu navyo hutoka humo. Matawi yake hushikwa makanisani Jumapili ya Matawi. Ndege humiminika kwenye matunda mabivu, na mwenye kupenda ndege hahitaji sababu nyingine ya kuupanda.

Lakini ukindu una kanuni yake. Kila shina lina ncha moja ya kukulia. Ukichuma kuti changa moja na kuliacha shina litoe mengine, litakupa miaka. Ukichuma kila linalochomoza, shina hudhoofika na kufa. Kugema tembo kwenye ncha hiyo, au kuikata ili kula moyo wake, ndiyo kuliua shina. Kichaka chenye mashina kumi huvumilia kupoteza moja, ila nimeona vichaka vya kando ya barabara vilivyochumwa na kila apitaye hadi vimebaki visiki, na inauma, kwa sababu mti ule ungeweza kulisha wasukaji wa mtaa mzima.

Salaki hukupa tunda, na ua la miiba, basi. Biashara yake Mwanza haijawa na njia: mnunuzi wa soko la Kirumba anajua ndizi, parachichi, embe na machungwa, na tunda lenye magamba utalieleza wewe mwenyewe kwa kumwonjesha. Likishavunwa halikai sana, kama wiki moja kwenye joto la kawaida. Lipande kwa ajili ya nyumba yako. Ukipata ziada, hiyo ni habari njema.

Mingine utakayoshauriwa

Mtende wa tende wenyewe huota hapa vizuri na hupendeza, lakini tende zinataka joto kali na hewa kavu zinapoiva. Mvua ikizikuta huchacha na kuoza mtini. Mnazi kwenye mwinuko huu hukua taratibu na hauzai kama wa Tanga au Bagamoyo. Mchikichi ni mti mkubwa wa shamba, na anayeutaka afuate wenye uzoefu wa Kigoma, ambako kituo cha TARI Kihinga hushughulika na mbegu bora za tenera, aina chotara ya mchikichi.

Na onyo moja kwa wanaonunua mitende ya mapambo barabarani. Ule wenye vijani vilivyochanika mfano wa mkia wa samaki huzaa vichala vya matunda mazuri kwa macho, lakini tunda lake lina chembe kali zinazowasha mdomo na ngozi. Usidhani kila mtende wenye matunda unalika.

Kupata mbegu na miche

Mbegu ya salaki hufa ikikauka, na uwezo wake wa kuota hupungua sana ndani ya wiki moja au mbili baada ya kutolewa kwenye tunda. Ukinunua mtandaoni bahasha ya mbegu kavu zilizokaa safarini mwezi mzima, umenunua kokwa. Zikiwa zimefungwa kwenye unyevu na zimetumwa haraka, zina matumaini. Na kabla ya yote, mbegu au mche kutoka nje unahitaji kibali cha kuingiza mimea kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi ilikotoka. Usiruke hatua hii. Wadudu wa mitende husafiri ndani ya mimea, na tayari tuna chonga na fukusi wa kutosha.

Mkindu ni rahisi zaidi. Okota matunda mabivu chini ya jike, menya nyama, loweka kokwa siku nzima, uzipande kwenye mchanga wenye unyevu. Nyingi huchipua baada ya miezi miwili au mitatu. Tumia mifuko mirefu, kwa kuwa mzizi hushuka kabla jani halijaonekana vizuri. Maotea uyaombe kwa mwenye shamba. Usiyang'oe hifadhini wala kwenye ukingo wa ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka majini, na mikindu iliyomo humo ndiyo inayoshika udongo. Kama kiwanja chako kinagusa ukanda huo, zungumza na ofisa mazingira wa halmashauri kabla ya kuchimba chochote.

Ningechagua hivi

Kiwanja cha Luchelele au Kayenze, chini, chenye unyevu na jua: mikindu, bila kusita. Otea moja la jike linalojulikana na miche miwili au mitatu ya mbegu pembeni kwa ajili ya dume.

Ua wa Nyegezi au Buhongwa wenye mwembe mkubwa, kisima, na mtu anayekaa nyumbani: salaki, miche mitano au sita kwa umbali wa mita mbili na nusu hivi, upande usio na njia ya watoto. Isipandwe kwa pungufu ya hapo.

Ua mkavu juu ya mwamba, maji ya mgao, hakuna kivuli: mkindu mmoja kwenye kona inayopokea maji ya paa, ukijua kwamba huenda ukawa dume. Salaki iache kwanza. Panda mwembe au mparachichi mwaka huu, uulee, na kivuli chake kikishafika mita kadhaa ndipo uanze kutafuta mbegu.

Kwa yote, mashimo yachimbwe Septemba, yajazwe udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyoiva, na miche iingie ardhini mvua za vuli zikishashika, mwishoni mwa Oktoba au Novemba. Hapo utakuwa na miezi kadhaa ya unyevu kabla ya Juni, na mche uliokwisha kushika mizizi.